JERAHA LA AKILI HALIFUATI KALENDA YA TAJIRI



Mwenzetu mmoja wa hapa Kinama alikuwa mzamu wa bohari katika mtaa wa viwanda, Bujumbura. Usiku mmoja wezi wenye bunduki waliingia. Mzamu mwenzake aliyekuwa katika lango la pili aliuawa mbele ya macho yake. Yeye alitambaa chini ya lori akalala humo mpaka alfajiri, asithubutu hata kukohoa. Asubuhi polisi walikuja, tajiri naye akaja, magunia yakahesabiwa. Mwenzetu alitazamwa mwili akaonekana ana mchubuko wa kiwiko tu. Akaambiwa, "Wewe una bahati. Nenda kapumzike, kesho urudi zamu." Naye akarudi.

Mwezi wa kwanza alifanya kazi kama kawaida. Mwezi wa pili akaanza kukosa usingizi wa mchana, na mzamu asiyelala mchana atalinda nini usiku? Mwezi wa nne kila gari lililopiga mlio lilimrusha kutoka kwenye kiti. Alikuwa hataki kula na wenzake, na nyumbani alipiga kelele usiku mpaka majirani wakasema karogwa. Mwezi wa saba alikutwa chini ya lori, analia, na lango liko wazi. Akafukuzwa kwa kosa la kuacha lindo.

Sisi wa sendika tulipata habari zake mwaka umekwisha kupita, na aliyetuletea ni mke wake. Tulimpeleka kwa daktari wa akili. Daktari alimsikiliza siku mbili, kisha akaandika kwamba maradhi yale yanatokana na usiku ule wa bohari. Tuliichukua karatasi ile kwa furaha, tukadhani tumeshika ushahidi. Tukaenda kudai fidia ya ajali ya kazini. Jibu tulilopewa lilikuwa fupi: "Mmechelewa sana."

Ndugu, tunaandika leo kwa ajili ya maneno hayo mawili. Hatuandiki ili kumlaumu karani aliyetujibu, kwani yeye alisoma tarehe iliyo mbele yake. Tunaandika kwa sababu tarehe yenyewe ndiyo yenye kasoro.

Saa ya sheria inaanza lini?

Sheria za fidia huwa na muda wake wa kudai. Jambo hilo hatulipingi. Tajiri hawezi kudaiwa mkono uliokatika miaka thelathini iliyopita, mashahidi wamekufa na mashine imeuzwa chuma chakavu. Muda ni lazima uwepo. Swali letu ni moja: saa hiyo inaanza kuhesabu siku gani?

Mkono ukikatwa na msumeno, swali hilo ni rahisi. Siku ya ajali na siku ya kujua ni siku moja. Damu imemwagika, fundi amepiga kelele, karakana nzima imeona. Hata asiyejua kusoma anajua kwamba ameumia, ameumia leo, na ameumia kazini.

Jeraha la akili haliko hivyo. Mtu anaweza kutoka mahali pa mauaji akiwa mzima wa miguu na mikono, akala, akacheka, akarudi kazini. Maradhi yanaweza kungoja wiki, miezi, hata zaidi ya mwaka, ndipo yatoke. Nayo yakitoka hayasemi jina lake. Yanakuja kwa sura ya kukosa usingizi, ya ulevi, ya hasira kwa watoto, ya kuumwa kichwa na tumbo. Mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Kwa Kirundi tunalo neno lake, ihahamuka, lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuliandika neno hilo kwenye karatasi ya kazi?

Basi sheria ikihesabu kuanzia siku ya tukio, inamhesabia mgonjwa siku ambazo hajajua kwamba ni mgonjwa. Inakula muda wake akiwa amelala. Siku anapozinduka anaambiwa mlango umefungwa. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Lakini methali hiyo ni ya mtu aliyejua njia akakaa. Mtu ambaye hakuonyeshwa njia hakuchelewa, bali amecheleweshwa.

Sisi wa Kinama hatuhitaji kufundishwa mshtuko

Wengi wetu tunaofanya kazi ya sendika hapa tuliishia shule ya msingi. Vita vilivyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 vilitukuta tukiwa watoto. Mwaka 1994 na 1995 watu wa Kamenge na Kinama walikimbia nyumba zao. Tuliporudi tuliwaona watu wazima waliokuwa hawana jeraha hata moja mwilini, wakakaa kimya miaka, kisha siku moja mlango ukibamizwa tu wanaanguka. Hakuna mtu wa Kinama atakayetuambia kwamba mshtuko huisha siku ile ile. Na jirani yetu Kamenge kuna hospitali ya magonjwa ya akili inayoendeshwa na Mabradha wa Charity. Nani kati yetu hana ndugu au jirani aliyepita katika lango lile?

Kazi nazo zimetuletea mishtuko yake. Tarehe 28 Desemba 2000 basi la Titanic Express lililokuwa likitoka Kigali lilishambuliwa karibu na Bujumbura, watu 21 wakauawa. Madereva na makonda wa barabara zile waliendelea kupita mahali pale pale, safari baada ya safari, kwa sababu watoto walikuwa wanataka kula. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Marobota ya nguo yalihesabiwa, mikopo ya benki ilihesabiwa. Lakini wachukuzi, wazamu na mafundi cherehani walioona kazi ya maisha yao inageuka majivu kwa asubuhi moja, vichwa vyao vilihesabiwa na nani?

Tazameni pia kazi za kila siku. Kuna muuguzi anayepigwa na jamaa za wagonjwa. Kuna mtumishi wa nyumbani anayefungiwa ndani. Kuna mpokea fedha aliyewekewa bastola kichwani. Kuna kijana wa kiwandani aliyemtoa mwenzake vipande vipande kwenye mashine, akaambiwa aoshe sakafu na aendelee. Wote hawa wana vidole kumi. Kwa macho ya tajiri hawakuumia.

Wenzetu wa nchi nyingine

Tusidhani kwamba taabu hii ni ya Burundi peke yake. Sheria ya Kenya ya mafao ya majeruhi wa kazini, ya mwaka 2007, inatoa miezi 12, na inahesabu kuanzia tarehe ya ajali. Watu wa Nairobi wanajua mshtuko ni nini. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulipigwa bomu hapo mjini, watu 213 wakafa na maelfu wakaumia, wengi wao wakiwa maofisini katika majengo ya jirani. Manusura wa siku ile walikuwa bado wanatibiwa vichwa na mioyo miaka mingi baadaye. Mtu wa namna hiyo ukimpa miezi 12 kuanzia siku ya mlipuko, umempa nini?

Lakini uko mfano mwingine wa kujifunza, nao unawahusu ndugu zetu wa Uganda. Kuanzia mwaka 2005 maelfu ya Waganda walikwenda kulinda kambi za Wamarekani huko Irak, na baadaye Afghanistani, wakiajiriwa na makampuni ya ulinzi. Walirushiwa makombora na waliona wenzao wakifa. Wengi wakarudi nyumbani na mifuko ya fedha na usingizi uliovunjika. Wafanyakazi wa namna hiyo wanalindwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1941, inayowahusu walioajiriwa kwenye kambi zake za ng'ambo, awe Mmarekani au Mganda.

Sheria hiyo ina muda wa mwaka mmoja kwa jeraha, na miaka miwili kwa maradhi ya kazi yasiyojitokeza mara moja. Muda si mrefu. Lakini sikilizeni saa yake inavyoanza. Haihesabu kuanzia siku ya kombora. Inahesabu kuanzia siku mfanyakazi alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba ugonjwa wake umetokana na kazi. Na kuna jambo la pili lililo zuri zaidi: kama mwajiri alijua habari ya jeraha lakini hakupeleka taarifa yake serikalini, saa haiendi kabisa mpaka aipeleke. Tajiri hawezi kunyamaza mwaka mzima halafu akaufanya ukimya wake kuwa ngao.

Hatusemi kwamba mambo ya Waganda hao yalikwenda vizuri. Wengi hawakuambiwa kwamba sheria hiyo ipo, na haki usiyoijua ni kama chakula kilichofichwa juu ya dari. Tunasema tu kwamba saa ya haki inaweza kutengenezwa, kwani imekwisha kutengenezwa. Na waliotengeneza hawakufilisika.

Hoja za wanaopinga

Tajiri mmoja alituambia waziwazi, "Mkifungua mlango huo, kila mvivu atasema kichwa chake kimeumia." Hoja hii tunaisikia kila mahali, basi tuijibu.

Mwongo hachelewi, ndugu. Mwongo anajua siku yake, anajua fomu yake, anafika dirishani asubuhi na mapema kabla ya wino kukauka. Anayechelewa ni yule mgonjwa wa kweli, anayeona haya, anayeogopa kuitwa kichaa, anayejidanganya kwamba kesho atapona. Kwa hiyo muda mfupi unaohesabiwa kuanzia siku ya tukio haumkamati mwongo. Unamkamata mkweli. Kazi ya kumkamata mwongo ni ya daktari, wala si ya kalenda.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nasi tunaiheshimu. Wanasema ushahidi unapotea. Baada ya miaka miwili nani atathibitisha kwamba usiku ule kulikuwa na wezi? Ni kweli. Na kwa sababu ni kweli, sisi tunasema mambo mawili yatenganishwe. La kwanza ni taarifa ya tukio. Hii iandikwe mara moja, siku ile ile au siku chache baadaye, hata kama hakuna aliyemwaga damu: mahali, saa, kilichotokea, waliokuwepo. La pili ni dai la maradhi. Hili lipewe muda wake kuanzia siku daktari anapoandika kwamba mtu ni mgonjwa na kwamba ugonjwa umetokana na tukio lile. Tajiri anapata uhakika wa tukio, mfanyakazi anapata muda wa kujua ugonjwa wake. Hakuna anayeibiwa.

Hoja ya tatu ni ya fedha. Watu wanauliza, nani atalipa? Tukumbushane kwamba taasisi yetu ya hifadhi ya jamii, INSS, ilianza mwaka 1962, mwaka ule ule wa Uhuru. Mchango wa ajali na magonjwa ya kazini ni wa mwajiri peke yake, haukatwi katika mshahara wetu. Lakini mwajiri anautoa wapi? Anautoa katika kazi ya mikono yetu. Fidia si sadaka. Ni bima iliyokwisha kulipiwa kwa jasho, na mwenye bima hapigi magoti.

Tunadai nini

Shirika la Kazi Duniani lilitengeneza upya orodha yake ya magonjwa ya kazini mwezi wa Machi 2010, na humo liliingiza maradhi ya akili, la kwanza likiwa ni lile linalotokana na mshtuko mkubwa. Mwezi wa Juni 2022 shirika hilo hilo liliamua kwamba mahali pa kazi penye usalama na afya ni haki ya msingi ya kila mfanyakazi. Nchi yetu nayo mwaka 2020 ilipata sheria mbili kubwa, ya hifadhi ya jamii mwezi wa Mei na ya kazi mwezi wa Novemba. Basi hatuombi kitu kigeni. Tunaomba sheria na taratibu zake ziseme wazi kile ambacho dunia imekwisha kukiri.

Kwanza, maradhi ya akili yanayotokana na tukio la kazini yahesabiwe kuwa jeraha la kazini, hata kama mwili ni mzima.

Pili, muda wa kudai uanze siku daktari alipoandika, wala si siku ya tukio.

Tatu, mwajiri aliyejua tukio asilitangaze, asipewe haki ya kusema "umechelewa".

Nne, mfanyakazi aliyepitia mauaji, wizi wa silaha au ajali ya kutisha apelekwe kwa daktari kwa gharama ya kazi, kisha apelekwe tena baada ya miezi michache, kwani mara ya kwanza ugonjwa unaweza kuwa bado umelala.

Tano, mtu asifukuzwe kwa kosa ambalo ni dalili ya ugonjwa wenyewe. Mzamu wetu alifukuzwa kwa sababu alijificha chini ya lori. Angalau mtu mmoja angeuliza kwa nini ni lori.

Sisi wenyewe nasi

Ndugu, tukimnyooshea tajiri kidole kimoja, vitatu vinatuelekea sisi. Yule mwenzetu alikuwa mwanachama. Alihudhuria mikutano miwili baada ya usiku ule. Alikaa nyuma, akashtuka mtu alipoangusha kiti, na baadhi yetu tulicheka. Tulimtania kwamba amekuwa mwoga kama kuku. Hatukumwuliza. Tungemwuliza siku ile, tungekuwa bado ndani ya muda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini sisi tulikuwa chumba kimoja naye.

Kwa hiyo, wakati tunangojea sheria, yako mambo ya kufanya kuanzia wiki hii, kutoka Carama mpaka Bukirasazi, na hayahitaji ruhusa ya mtu.

Likitokea jambo la kutisha kazini, andika siku ile ile. Usiseme "sijaumia". Sema "nilikuwepo". Andika tarehe, saa, mahali, na majina ya waliokuwepo. Kama hujui kuandika, njoo kwa mjumbe wa sendika, tutakuandikia na wewe utatia kidole. Peleka nakala moja kwa tajiri na umwombe atie sahihi ya kupokea. Akikataa, mashahidi wawili waandike kwamba amekataa. Nakala ya pili ikae nyumbani, wala si kwenye sanduku la kazini.

Nenda zahanati hata kama ni mzima, ili jina lako na tarehe viingie kwenye daftari. Usingizi ukipotea, rudi tena, na umwambie mganga kisa chote cha kazini badala ya kusema "kichwa kinauma" tu. Daktari haandiki asichoambiwa.

Uliza kama tajiri wako amekuandikisha INSS, na ujue namba yako. Wazamu wengi, watumishi wa nyumbani na vibarua hawajaandikishwa kabisa, na asiyeandikishwa anashindwa kabla saa haijaanza. Usimngoje tajiri atangaze tukio kwa niaba yako. Fika mwenyewe, au tutafika pamoja.

Na ninyi wake wa wafanyakazi, mnaosoma au mnaosomewa gazeti hili, ninyi ndio mnaoona usiku. Mume akianza kupiga kelele usingizini baada ya jambo la kazini, msikimbilie kwanza kwa mganga wa ramli. Njooni kwetu mapema. Hatutacheka tena.

Mwenzetu yule leo anasukuma baiskeli ya ndizi kutoka Buterere. Anatumia dawa, anaendelea vizuri kidogo, ingawa bado hawezi kupita karibu na lori lililosimama. Fidia hakupata, na kwa sheria ilivyotumika kwake labda hataipata. Alipoulizwa kama tunaweza kuandika habari zake, alikubali kwa sharti moja: jina lake lisitajwe, lakini jina la rafiki yake aliyeuawa tulikumbuke kila mkutano tukisimama kimya. Tunafanya hivyo, na tutaendelea kufanya.

Alituambia neno jingine ambalo tunawaachia. Alisema, "Mimi sikuchelewa. Mimi bado niko kule bohari, nangoja kupambazuke."

Umoja ni nguvu.